Aliyepona Naye Atangazwe

(Mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri katika kikao cha vijana na familia, Nakuru, mwezi wa Ramadhan. Tumeichapa kama ilivyosemwa, tukapunguza marudio tu.)



 

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada zangu, na nyinyi vijana mnaoangalia saa kila dakika mbili, Magharibi bado iko mbali, tulieni. Nimeombwa nizungumze kuhusu afya. Najua aliyeniomba alitarajia sukari na presha, maana hayo ndiyo mazungumzo ya afya ya kila Ramadhan. Leo nataka tuzungumze kuhusu kansa. Na sitaki kuzungumzia kufa kwa kansa, hiyo mnaijua nyote. Nataka kuzungumzia kupona, na kusema kwamba umepona.

Hebu tujiulize. Mtu akifariki hapa Bondeni, au Kaptembwo, au Section 58, huchukua muda gani mpaka sisi tujue? Nusu saa haipiti. Msikitini patatangazwa, simu zitapigwa, ujumbe utazunguka katika makundi yote ya WhatsApp. Wa Naivasha atajua, wa Molo atajua, na aliyeko Dubai pengine atajua kabla ya jirani wa mlango wa pili. Ni jambo zuri, kwa sababu kusindikiza janaza ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Na mtu akiwa mgonjwa akahitaji pesa, pia tunatangaziwa. Inatumwa namba ya M-Pesa, tunachanga, mwenye mia anatoa mia na mwenye elfu anatoa elfu.

Sasa, yule yule tuliyemchangia, amalize matibabu, daktari aangalie majibu amwambie, mama, hatuoni tena ugonjwa. Nani hutangaza? Nani amewahi kusikia tangazo la namna hiyo baada ya swala ya Ijumaa? Mimi sijasikia. Na nimeswali Ijumaa nyingi katika mji huu, tangu ungali manispaa hadi ulipofanywa jiji Desemba 2021.

Basi matokeo yake ni nini? Matokeo ni kwamba kansa tunaijua kwa makaburi yake tu. Kijana wa miaka ishirini ukimuuliza ataje watu aliowajua waliougua kansa, atakutajia watano, na wote watano ni marehemu. Kwa hesabu ya kichwani mwake, kansa ni kufa, hakuna njia nyingine. Na mtu anayeamini hivyo, siku akijipapasa akakuta uvimbe, unafikiri atakimbilia hospitali? Atakimbilia kunyamaza. Kwa nini aende kuambiwa atakufa, na huku nyumbani anaweza kukaa bila kuambiwa?

Mnaukumbuka mwezi wa Julai 2019. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore wa Safaricom. Tarehe 26 akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Tarehe 29 akafariki Dkt. Joyce Laboso, gavana wa Bomet, jirani zetu wa huku huku Bonde la Ufa. Wote kansa, ndani ya mwezi mmoja, na wote walikuwa watu wenye uwezo wa kutibiwa popote duniani. Nchi nzima iliingiwa na hofu. Watu wakasema, ikiwa hao wameshindwa, sisi wa kupanda matatu tutafika wapi? Ni swali la haki. Lakini tazameni kwamba hakuna aliyekuja mwezi huo huo akatuhesabia waliopona. Si kwamba hawakuwapo.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na waliofariki ni zaidi ya 29,000. Ni hesabu nzito, sitaki kuipunguza. Lakini hata katika hesabu hiyo nzito, wako makumi ya maelfu ya Wakenya ambao waliambiwa wana kansa miaka iliyopita na leo wako hai. Wanauza mboga, wanafundisha madrasa, wanaendesha tuktuk. Wengine, wallahi, wako ndani ya msikiti huu sasa hivi na hamuwajui.

Hamuwajui kwa sababu hata jina la ugonjwa tunalikwepa. Tunasema "ule ugonjwa mbaya". Ukisoma matangazo ya vifo kwenye gazeti utakuta marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Kwa Kiswahili chetu tuna neno saratani, limetoka Kiarabu, na asili yake ni kaa, huyu kaa wa baharini mwenye miguu mingi. Wayunani wa kale nao waliuita kwa jina la kaa. Mataifa mawili yaliuona uvimbe na mishipa yake iliyotawanyika, yakaona kaa. Sisi tumeuona tukaogopa hata kuutaja.

WALIOSEMA

Katika nchi yetu wako waliosema, na tuwape haki yao. Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu. Alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume. Fikirieni, mwanamume, mzee, waziri, anasema mbele ya taifa jambo ambalo wanaume wetu hawawaambii hata wake zao. Alitibiwa California, akarudi kazini, akawahimiza wanaume wakapimwe. Haukupita muda mrefu, waziri mwenzake wa Afya ya Umma, Mama Beth Mugo, naye akatangaza kwamba ana saratani ya matiti. Naye akatibiwa, naye akarudi. Mwaka 2013 wote wawili waliingia katika Seneti, na Nyong'o baadaye akawa gavana wa Kisumu, 2017 na tena 2022.

Wako walionung'unika wakati ule, kwamba mawaziri wa afya wenyewe wanatibiwa ng'ambo na mwananchi anabaki kwenye foleni. Walikuwa na haki ya kunung'unika. Miaka hiyo matibabu ya miale katika hospitali za serikali yalikuwa mahali pamoja tu, Kenyatta pale Nairobi, nchi nzima. Lakini kusema kwao kulifanya kazi. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani, na taasisi ya taifa ya saratani ikaanzishwa kwa sheria hiyo. Kunyamaza kusingeleta hilo.

Vijana mnapenda mpira, kwa hiyo niwape wa kwenu. Éric Abidal, Mfaransa, Muislamu, aliyekuwa beki wa Barcelona. Machi 2011 aligunduliwa na uvimbe kwenye ini. Klabu haikuficha, ikatangaza. Akapasuliwa siku hizo hizo. Tarehe 28 Mei mwaka huo huo, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley, dhidi ya Manchester United, Abidal alicheza dakika zote. Mechi ilipokwisha nahodha Puyol akavua kitambaa, akamvalisha yeye, ili yeye ndiye apokee kombe. Waliokuwa wamekaa kwenye vibanda vya mpira usiku ule wanakumbuka, hata mashabiki wa Manchester walipiga makofi. Labda si wote.

Lakini habari yake haikuishia hapo, na ndiyo sababu nimemchagua. Mwaka 2012 ini likasumbua tena, ikabidi abadilishiwe, na aliyempa kipande cha ini lake ni binamu yake. Aprili 2013 akaingia uwanjani tena. Kwa hiyo habari njema ya 2011 ilikuwa ya kweli, na ikafuatwa na habari mbaya ya kweli, kisha njema tena. Hakuna aliyemwita muongo kwa sababu alifurahi mapema. Nasema haya kwa sababu wengi waliopona huogopa: nikisema nimepona kisha ugonjwa ukarudi, watu watasemaje? Watakuombea dua tena, ndugu yangu. Na wewe sema kama daktari alivyosema: kwa sasa ugonjwa hauonekani, naendelea kwenda kliniki kuangaliwa. Hiyo peke yake ni habari njema, huna haja ya kuiongeza chumvi.

DADA YETU

Yuko dada mmoja, ameniruhusu nieleze habari yake kwa sharti nisimtaje yeye wala mtaa. Alipata uvimbe kwenye ziwa, mdogo kama punje ya harage. Haukuuma. Na kwa kuwa haukuuma akaona si kitu, akangoja miezi minne. Akina mama, nisikilizeni hapa, uvimbe wa kansa ya ziwa mara nyingi mwanzo hauumi. Kutouma si dalili ya usalama. Alipokwenda akakatwa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara, jibu likaja. Akapasuliwa, akapigwa kemo, kisha miale. Mwaka mzima.

Majirani waliambiwa anamuuguza shangazi yake Nairobi. Nywele zilipokatika, hijabu ilimsitiri. Nyusi zilipoanguka akawa anazichora kwa wanja. Alikuja harusini, akakaa, akala pilau, hakuna aliyejua. Mumewe alijua, mama yake alijua, basi. Leo ni mwaka wa tatu, Alhamdulillah, anapimwa na yuko salama.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niombe ruhusa ya kusema haya. Mwaka ule ule, wifi yake, nyumba ya ukuta mmoja, alikuwa na uvimbe wake. Naye akauficha. Aliuficha kwa sababu katika ukoo wao aliyejulikana kuugua kansa alikuwa nyanya yao peke yake, na nyanya alikufa kwa maumivu makali, watoto wote wakaona. Wanawake wawili, wanakopeshana chumvi, wanalea watoto pamoja, mmoja anatibiwa kwa siri na mwingine anaugua kwa siri. Wifi alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Yuko hai na anatibiwa, tumuombee, lakini matibabu yake sasa ni ya kuushikilia ugonjwa usiende mbio. Kuuondoa kabisa, madaktari hawakumuahidi.

Dada yetu aliniuliza, je, ningesema? Mimi sikumjibu kwa kumlaumu, wala nyinyi msimlaumu. Aliogopa, na sisi ndio tuliomtisha. Mtu angesemaje katika mji ambao akisema "kansa" watu huanza kumtazama kama maiti anayetembea?

Kwa hiyo kabla hatujamwambia aliyepona aseme, tujifunze kupokea. Mnaijua habari ya Kaab bin Malik (R.A.), aliyebaki nyuma katika safari ya Tabuk, akasuswa na watu siku hamsini. Toba yake ilipokubaliwa, watu walikimbilia kumpa habari. Mmoja akapanda farasi. Mwingine akapanda mlima Sal'i akapaza sauti, na sauti ikamfikia kabla ya farasi. Kaab akasujudu. Akavua nguo zake akampa mleta habari, na hakuwa na nyingine siku hiyo, akaazima za kwendea kwa Mtume (S.A.W.). Alipoingia msikitini, Talha bin Ubaidillah alisimama akamkimbilia, akampa mkono, akampongeza. Kaab alisema baadaye kwamba katika Muhajirina hakusimama mwingine, na hilo kwa Talha hakulisahau maisha yake. Ile ilikuwa habari ya toba, si ya ugonjwa, naelewa. Ninachotaka muone ni ile mbio. Watu walishindana kuipeleka habari njema, mmoja kwa farasi na mmoja kwa koo lake.

Sisi mtu akituambia amepona, tunasema, "Ah, pole, lakini ile hurudi, binamu yangu pia walimwambia amepona." Subhanallah! Habari kama hiyo ya nini? Sema Alhamdulillah, mpe mkono, muulize ulijuaje, ulikwenda wapi.

ASEME NINI

Sasa tuseme mtu amekubali kusema. Si lazima asimame na kipaza sauti. Nabii Yaaqub (A.S.) alimkataza mwanawe Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto, kwa hiyo kuchagua wa kumwambia si dhambi wala si uoga. Na mwisho wa Surat Dhuha tumeamrishwa kuisimulia neema ya Mola wetu. Yote mawili yapo. Anaweza kuanza na dada zake, na wifi zake, na kikundi chake cha darasa. Ikiwa ugonjwa ni wa sehemu za sitara, hana haja ya kueleza kila kitu, atasema saratani ya kizazi au ya tezi dume, yatosha.

Lakini kusema "nilikuwa mgonjwa, namshukuru Mungu nimepona" hakumsaidii mwingine sana. Mwenye uvimbe anataka kujua ulianza kuona nini, ulingoja muda gani, walikupima vipi, kemo ilikufanyaje, ulilipa kiasi gani na kipi kililipwa na bima. Anataka kujua kama ulitapika, kama uliweza kufanya kazi, kama nywele zilirudi. Hayo daktari hana muda wa kumwambia, ana wagonjwa arobaini nje.

Na simulia yote. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Wako waliopasuliwa na kupigwa kemo, na walipopona wakawaambia watu, "Ni habasoda na asali." Ndugu zangu, tumieni habasoda, kunyweni zamzam, someni ruqya, hakuna anayewakataza. Lakini ukificha kemo ukataja asali peke yake, unamdhulumu anayekusikiliza, kwa sababu ataacha hospitali afuate asali, na uvimbe hautamngoja. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshwa na dawa yake, na akatuamuru tujitibu. Na ukitumia miti shamba mwambie daktari wako, maana mingine hugombana na dawa za hospitali.

Wala sisemi mitishamba ni upuuzi. Liko ua dogo la waridi au jeupe, asili yake Madagascar, watu hulipanda mbele ya nyumba kama pambo. Katika mmea huo hutolewa dawa iitwayo vinkristini, na dawa hiyo iko katika matibabu ya watoto wenye kansa ya damu na ya tezi mpaka leo. Lakini imetolewa, ikapimwa, ikajulikana kipimo, inapita kwenye mshipa kwa mkono wa anayejua. Kuchemsha ua nyumbani ni sumu.

Na kwa watoto habari njema ni ya zamani kuliko wengi wetu tulio hapa. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza kansa inayovimbisha taya za watoto wa sehemu zetu hizi. Miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waliwapa watoto hao dawa, na wako waliopona kwa dawa peke yake, bila kisu, wakati madaktari wengi duniani hawakuwa wakitarajia dawa kuponya kansa. Habari hiyo ilitoka hapa Afrika Mashariki ikaenda kwao, na sisi tumeisahau.

Mwisho wa Ramadhan mtapiga picha za Idi, watoto wamevaa vizuri. Ziangalieni zile zilizopigwa kwa mwanga wa kamera. Jicho moja la mtoto likionekana jeupe au liking'aa kama la paka, na sio picha moja tu, mpelekeni aangaliwe. Huenda si kitu. Huenda ni kansa ya jicho, ambayo ikiwahiwa mapema mtoto huishi, na ikicheleweshwa humuua. Na kwenye futari, uji na chai viacheni vipoe kidogo. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti nililolitaja lilisema kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya umio, na huku kwetu Bonde la Ufa ugonjwa huo tunao kwa wingi. Chakula kikianza kukwama kooni wiki baada ya wiki, usiseme ni vidonda vya tumbo ukanunua dawa za duka. Nenda uangaliwe. Na nyinyi wa shisha baada ya tarawehe, najua mmenyamaza kwa sababu gani.

Pa kwendea papo karibu kuliko zamani. Hospitali yetu hii, ambayo wazee bado wanaiita PGH, ina kituo cha saratani chenye mashine ya miale. Mgonjwa wa Njoro, wa Subukia, wa Baringo au Nyandarua, ambaye miaka ile ilikuwa lazima asafiri hadi Nairobi na atafute pa kulala, leo anaweza kutibiwa hapa. Sisemi foleni imekwisha, wala kwamba ni bure. Tangu Oktoba 2024 bima ni SHA badala ya NHIF, na viwango vyake hubadilika, kwa hiyo hakikisheni mmejisajili na mmelipa kabla ya kuugua, na mkiugua ulizeni pale pale hospitali ni kiasi gani kimebaki. Waliopitia ndio wanaojua dirisha lipi la kuanzia. Ndio hao ninaowataka waseme.

Na tuliowachangia tunawadai habari. Hatudai pesa, hizo tulizitoa kwa Allah. Namba ya M-Pesa ilipotumwa kwenye kikundi, majibu nayo yatumwe kwenye kikundi: tulichanga kiasi fulani, kililipa kemo kadhaa, mgonjwa anaendelea hivi. Kamati ya msikiti inaweza kufanya hivyo kwa ruhusa ya mgonjwa, kwa dakika moja baada ya Ijumaa.

MASWALI

Baada ya mada waliokuwapo waliuliza maswali. Tumechagua mawili.

Kijana: Baba yangu yuko kwenye kemo na anang'ang'ania kufunga. Anasema akifungua ni kama amekubali kushindwa.

Jibu: Mwambie ruhusa ya mgonjwa kufungua iko katika Qur'an yenyewe, katika aya zile zile zilizofaridhisha saumu, haikuletwa na madaktari. Ziko dawa za kemo zinazohitaji mtu anywe maji mengi ili figo zisiumie. Kwa hiyo swali la kwanza alipeleke kwa daktari wake: kwa dawa hii yangu, naweza au siwezi? Akiambiwa hawezi, asifunge, na siku atakazopata nguvu atalipa. Ikiwa hali yake haitarajiwi kurudi, atalisha maskini kwa kila siku, na kwa hilo akae na sheikh amfafanulie. Nanyi nyumbani msimwache ale peke yake jikoni kama mwizi.

Mama mmoja: Mimi nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, sasa ni miaka sita. Binti yangu anaposwa. Watu wananiambia ninyamaze mpaka nikah ipite, wasije wakasema ni ugonjwa wa ukoo.

Jibu: Kwanza, Alhamdulillah, miaka sita! (Hapa akina mama walipiga vigelegele, ikabidi tungoje.) Pili, hiyo haiambukizi kwa kuishi na mtu wala kula naye, na karibu mara zote husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, sio urithi wa damu. Kirusi hicho ni cha kawaida mno. Watu wengi walio katika ndoa zao za halali hukipata wakati fulani, na mwili wa wengi hukiondoa wenyewe. Kwa hiyo anayekisia uchafu kwa mwanamke kwa sababu ya ugonjwa huu anamsingizia. Binti yako akifika miaka 25 aanze kwenda kupimwa, ni kipimo kifupi. Wadogo zake wa kike walio na miaka kumi hadi kumi na nne wapelekwe chanjo, imekuwa ikitolewa bure tangu Oktoba 2019. Kansa ya ziwa ni tofauti kidogo, huko wako wachache ambao kweli ni ya ukoo, na hao ndio hasa wanaohitaji kuambiana mapema.

Na huyo mposaji mwambie. Umwambie wewe mwenyewe, kabla mahari haijapangwa, na binti akiwa anajua kwamba unamwambia. Asisikie kwa watu wa sokoni. Nikikutazama naona mtu aliyesimama kwa miguu yake, amefunga, amepika, na amekuja darasa. Naye ataona hivyo hivyo. Haya, muadhini amesimama, tende ziko pale mlangoni.